Leonardo da Vinci na Daftari Zake

Kila mwaka wanachuo wanapokwenda mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, hurudi na habari za watoto waliowashinda. Miongoni mwa watoto hao hakosi yule anayeelezwa kwa maneno yale yale: ana akili, lakini mawazo yake hayatulii, huanza hili akarukia lile, asikamilishe hata moja. Taarifa za wakufunzi juu ya wanachuo wenyewe nazo huwa na mmoja au wawili wa namna hiyo. Andalio la somo la mwanachuo huyo limebeba mambo ya vipindi vitatu, na dakika 40 humwishia kabla hajaifikia shabaha.

Dawa fupi ya hali hiyo sina. Nina habari za mtu mmoja aliyekuwa nayo tangu ujana wake hadi siku ya kufa, akaishughulikia nusu kwa ustadi ambao sijauona kwa mwingine, na nusu nyingine akaiahirisha mpaka muda ukamwishia. Mtu huyo ni Leonardo da Vinci. Wasomaji wengi wanamjua kwa picha ya Mona Lisa. Hapa nitamsimulia zaidi kwa daftari zake, maana ndani yake mna mambo yanayotuhusu sisi walimu kuliko yaliyomo katika picha.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1452 karibu na mji mdogo wa Vinci, katika eneo lililotawaliwa na Firenze. Italia ya siku zile haikuwa nchi moja, bali mkusanyiko wa dola ndogo zilizopigana na kupatana kila mara. Baba yake, Piero, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria, kazi iliyorithishwa katika ukoo wao. Mama yake, Caterina, hakuwa mke wa Piero. Jambo hilo liliyageuza maisha ya mtoto, kwa sababu chama cha waandishi wa hati hakikumpokea aliyezaliwa nje ya ndoa. Basi njia ya baba ikafungwa, na pamoja nayo ile elimu ya Kilatini ambayo vijana walioandaliwa kwa kazi za kalamu walipewa. Leonardo alilelewa nyumbani kwa babu yake, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipokuwa mtu mzima alijiita mwenyewe mtu asiye na elimu ya vitabu, na alipokaribia miaka 40 alikuwa bado akijaza kurasa kwa orodha za maneno ya Kilatini, akijifundisha mwenyewe kama mwanafunzi wa elimu ya watu wazima.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, akianzia kulia kwenda kushoto, hata maandishi yake husomeka vizuri yakiwekwa mbele ya kioo. Wengi wamedhani alikuwa akificha siri. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba mwenye kutumia mkono wa kushoto akiandika hivyo haupitishi mkono wake juu ya wino mbichi. Inaelekea hakuna mwalimu aliyemlazimisha abadili mkono. Na sisi ambao tumewahi kuona rula ikishuka juu ya mkono wa kushoto wa mtoto wa darasa la kwanza twaweza kukisia ni kiasi gani kingepotea.

Badala ya shule, alipata karakana. Baba yake alimpeleka Firenze kwa Andrea del Verrocchio, fundi mkubwa wa mji ule, akawa mwanagenzi. Karakana hiyo haikujua mipaka ya masomo. Mlichorwa picha, mlichongwa sanamu, mlisubiwa shaba, mlifuliwa dhahabu. Mwaka 1471 ilipandisha tufe la shaba juu kabisa ya kuba la kanisa kuu la Firenze, na miaka mingi baadaye, akiwa mzee, Leonardo alikuwa bado akikumbuka namna lilivyolehemiwa. Kijana aliyejifunza mahali pa namna hiyo hakuona ajabu kutoka kwenye rangi akaenda kwenye mitambo mchana uo huo. Mwaka 1472 jina lake liliandikwa katika chama cha wachoraji. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Agosti, alichora bonde la mto Arno kwa kalamu. Mchoro huo, wenye tarehe kwa mkono wake, bado upo.

Mapema sana udhaifu wake ukaonekana. Mwaka 1481 watawa wa San Donato a Scopeto walimpa kazi ya kuchora Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu. Alifanya maandalizi mengi, akapanga watu na farasi, akachora hata magofu ya nyuma kwa hesabu za kina. Kisha, yapata mwaka 1482, akaondoka kwenda Milano na kuiacha picha ikiwa ya rangi ya kahawia tu. Watawa wakangoja. Mwaka 1496 wakapokea picha nyingine, iliyochorwa na Filippino Lippi.

Kwa mtawala wa Milano, Ludovico Sforza, Leonardo aliandaa barua ya kuomba kazi. Alijieleza kwa hoja kumi kuwa mjuzi wa madaraja, mizinga, magari ya vita na mifereji. Uchoraji aliutaja mwishoni, karibu kama nyongeza. Tukiwa na barua hiyo mkononi leo twaweza kucheka. Lakini haikuwa majivuno matupu: mambo yote hayo kweli yalikuwa kichwani mwake kwa wakati mmoja.

Ni huko Milano alikoanza kujaza daftari. Daftari nyingine zilikuwa kubwa, nyingine ndogo za kuingia mkononi, naye aliwashauri wachoraji wawe na kijitabu kidogo kila waendapo, wachore humo wanavyosimama watu, wanavyogombana, wanavyocheka, kwa sababu maumbo hayana mwisho na kumbukumbu ya mtu ina mwisho. Yeye mwenyewe alifanya hivyo. Ukifungua ukurasa mmoja wapo, wakuta gurudumu lenye meno, uso wa mzee, hesabu ya gharama za nyumbani, jani, na maelezo ya maji yanavyopita chini ya daraja. Zaidi ya kurasa 7,000 za namna hiyo zimebaki mpaka leo, nazo ni sehemu tu ya alizoandika.

Orodha moja ya miaka yake ya kwanza Milano yastahili kuangaliwa kwa utulivu. Anajikumbusha kupima mji na viunga vyake. Anajikumbusha kutafuta kitabu kinachoeleza makanisa ya mji. Kumwomba bwana mmoja wa hesabu amwonyeshe namna ya kupata mraba ulio sawa na pembetatu. Kumwuliza mpiga mizinga jinsi mnara wa Ferrara ulivyojengwa. Kumwuliza Benedetto Portinari jinsi watu wa Flanders, kule kaskazini kwenye baridi, wanavyokwenda juu ya barafu. Kumpata fundi wa maji amweleze namna ya kutengeneza mlango wa mfereji na kinu. Mahali pengine, miaka ya baadaye, anajiagiza kueleza ulimi wa kigong'ota na taya la mamba.

Msomaji wa haraka ataona fujo. Mimi naona jambo ambalo wanachuo wetu wengi wanalikosa. Leonardo hakuandika kwamba anapenda maji, wala kwamba siku moja atajifunza hesabu. Karibu kila wazo limefungwa kwenye tendo, na mara nyingi tendo limefungwa kwenye mtu: fulani aulizwe, fulani aombwe kitabu. Wazo lililoandikwa hivyo laweza kuokotwa tena baada ya mwezi na likafanyiwa kazi. Lile lililoandikwa kama neno moja tu pembeni mwa daftari, mathalani neno "mazingira", likishalala usiku mmoja halimwambii kitu hata mwenyewe aliyeliandika.

Nimeona njia hii ikifaa darasani. Mwanachuo mmoja niliyemkagua alikuwa akifundisha ngeli katika darasa la nne, na sentensi ya ubaoni ilitaja ng'ombe. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa nini ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Darasa likacheka. Mwanachuo hakumkemea wala hakuliacha somo lake. Alikuwa ametenga upande wa kulia wa ubao kwa mstari wa chaki. Akaandika pale swali, jina la mtoto, na mtu wa kuulizwa, ambaye alikuwa babu mfugaji jirani na shule, kisha akarudi kwenye ngeli. Ijumaa, kipindi cha mwisho, watoto walikwenda kumtazama ng'ombe kinywani. Jambo la maana ni hiyo Ijumaa. Bila siku ya kurudi, ule upande wa ubao ungekuwa kaburi la maswali, na baada ya majuma mawili watoto wangelitambua hilo na kunyamaza.

Turudi Milano, maana hapo ndipo pia tunaona faida ya akili isiyokwenda kwa mstari ulionyooka. Kati ya mwaka 1495 na 1498 hivi Leonardo alichora Karamu ya Mwisho kwenye ukuta wa bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie. Matteo Bandello, ambaye alimwona kazini akiwa kijana, alisimulia baadaye kwamba siku nyingine Leonardo alipanda jukwaani alfajiri asishuke mpaka giza, bila kula. Siku nyingine alisimama mbele ya ukuta saa nyingi asiguse brashi. Na siku nyingine aliacha kazi yake ya sanamu ya farasi katikati ya jua la mchana, akakata mji mzima, akapaka mara moja au mbili, akaondoka. Watawa walikereka. Hata hivyo picha ilikamilika, na ni mojawapo ya picha zinazojulikana kuliko zote duniani. Ubaya wake ulitoka kwingine. Leonardo hakutaka kuchora juu ya chokaa mbichi, kwa kuwa chokaa ikikauka haimruhusu mchoraji kurudi kubadili. Akabuni njia yake ya kuchora juu ya ukuta mkavu, ili awe na uhuru wa kurudi. Rangi ikaanza kubanduka angali hai. Matengenezo ya mwisho makubwa yalichukua zaidi ya miaka 20 na kumalizika mwaka 1999.

Yule farasi alikuwa sanamu ya ukumbusho wa baba yake Ludovico, yenye kimo cha zaidi ya mita 7. Mfano wa udongo ulionyeshwa mwaka 1493. Mwaka uliofuata shaba iliyokusanywa kwa ajili yake ikapelekwa kutengenezea mizinga, kwa sababu ya vita, na mwaka 1499 Wafaransa walipoiteka Milano wapiga mishale wao wakautumia mfano ule wa udongo kama shabaha. Kushindwa huku hakukuwa kosa lake. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ni desturi yetu kuhesabu kila kazi isiyokamilika kuwa uvivu wa mwenyewe.

Katika miaka hiyo ya Milano alimpata mtu aliyemfaa sana. Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hesabu, alifika mwaka 1496. Leonardo alijifunza kwake, na Pacioli alipoandika kitabu juu ya uwiano, Leonardo akamchorea maumbo yenye nyuso nyingi. Kitabu hicho kilipigwa chapa mwaka 1509. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo kazi pekee ya kalamu yake iliyotoka mtamboni, nayo ilitoka kwa sababu mwenzake alikuwa na sura za kitabu, mpangilio, na siku ya kumaliza. Vyuoni tunapenda kuwaweka wanachuo wawili wawili kwa kufuata orodha ya majina. Yafaa pengine kumweka yule mwenye mawazo mengi pamoja na yule mwenye faharasa.

Baada ya Milano kuanguka alirudi Firenze. Humo, yapata mwaka 1503, alianza Mona Lisa, ambayo hakuikabidhi kwa mtu bali aliichukua kila alikohamia. Na humo alianza picha kubwa ya vita vya Anghiari, akaiacha. Baba yake alifariki mwaka 1504. Leonardo aliandika habari hiyo katika karatasi mbili mbalimbali, kwa maneno yanayofanana, saa na yote.

Kurudia huko alikujua. Tarehe 22 Machi 1508, akiwa mgeni katika nyumba ya Piero di Braccio Martelli huko Firenze, alifungua rundo jipya la karatasi akaandika mwanzoni aina ya maungamo. Alisema kwamba huo ni mkusanyo usio na utaratibu, ulionakiliwa kutoka karatasi nyingi, na kwamba anatumaini kuyapanga yote baadaye, kila jambo mahali pake. Akaongeza kuwa anaogopa kabla hajamaliza atakuwa amerudia jambo lile lile mara nyingi, naye akamwomba msomaji asimlaumu, kwa kuwa mambo ni mengi na kumbukumbu haiwezi kuyashika. Alikuwa anakaribia miaka 56. Nimewasomea wanachuo habari ya maungamo hayo mara kadhaa, na kila mara darasa huwa kimya. Kila mmoja anajua sanduku lake lina nini.

Neno lililomponza ni "baadaye". Kukusanya alikusanya kila siku. Kupanga alikupa siku isiyokuwa na tarehe. Hasara ilikuwa kubwa kupita zote katika elimu ya mwili. Alipasua maiti zaidi ya 30, kwa hesabu yake mwenyewe. Katika majira ya baridi ya 1507 na 1508 alikaa kando ya kitanda cha mzee aliyedai kuwa na zaidi ya miaka 100, katika hospitali ya Santa Maria Nuova, akazungumza naye, na mzee alipofariki kwa utulivu akampasua ili aone sababu ya kifo cha upole namna ile. Akakuta mishipa imekuwa minene na njia ya damu imekuwa nyembamba. Mwaka 1510 aliandika kwamba anatumaini kuikamilisha kazi yote ya mwili mwaka ule. Wakati huo alishirikiana na tabibu kijana wa Pavia, Marcantonio della Torre, ambaye huenda angekuwa Pacioli wake wa pili. Kijana akafariki kwa tauni mwaka 1511.

Hata hivyo ni katika kazi hii isiyopangwa ndipo tunapoona kwa nini isingefaa kumlazimisha ashike somo moja. Kwa miaka mingi alikuwa ametazama maji mitoni, yanavyojizungusha nyuma ya jiwe. Alilinganisha mizunguko hiyo na mawimbi ya nywele za mwanamke. Yapata mwaka 1513, alipochunguza moyo wa ng'ombe, alitazama zile vali ndogo kwenye mlango wa mshipa mkuu akakumbuka mto. Akafikiri kwamba damu ikishapita hujizungusha nyuma ya vali, na mzunguko huo ndio unaozisaidia zifunge. Akapanga kutengeneza mfano wa kioo, kupitisha maji yenye mbegu ndogo za nyasi, ili aone yanavyokwenda. Wataalamu wa karne ya 20 walipopima jambo hilo kwa vyombo vyao walikuta amekaribia sana ukweli. Si kwamba alijua kila kitu: hakutambua kwamba damu huzunguka mwili mzima, jambo lililoelezwa na William Harvey mwaka 1628. Lakini mtu aliyesoma moyo tu asingeuona mto ndani yake.

Na madaktari hawakufaidi. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu, akawa ndiye mwalimu wa Ulaya nzima. Michoro ya Leonardo, ambayo katika mambo kadhaa ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka 30, ilikaa sandukuni, na sehemu yake kubwa haikuchapishwa mpaka mwishoni mwa karne ya 19.

Alipita Roma, kisha mwaka 1516 akaenda Ufaransa kwa mwaliko wa Mfalme François wa Kwanza, aliyempa nyumba karibu na ngome ya Amboise. Huko aliendelea na jiometri. Katika ukurasa mmoja hoja inakatika ghafula katikati, naye anaeleza sababu: supu inapoa. Alifariki tarehe 2 Mei 1519, akiwa na miaka 67.

Karatasi zote alimwachia Francesco Melzi, mwanafunzi wake na rafiki yake. Melzi akazibeba hadi nyumbani kwao Vaprio, mashariki ya Milano, akaanza kufanya kile ambacho mwalimu wake aliahirisha. Alisoma daftari moja baada ya nyingine, na kila alipokuta neno juu ya uchoraji akalitia alama ndogo ya duara na kulinakili mahali pake. Kutokana na daftari 18 akapata kitabu kizima, ambacho kilipigwa chapa Paris mwaka 1651, kwa ufupisho. Nyingi za daftari hizo 18 sasa hazipo; tusingekuwa na maneno yake hayo lau si uvumilivu wa mtu huyu ambaye hakuwa na kipaji kikubwa, ila alijua kusoma kabla ya kupanga.

Melzi alipofariki, yapata mwaka 1570, warithi wake waliziona karatasi kuwa takataka za darini. Mwishoni mwa karne hiyo nyingi ziliangukia mikononi mwa Pompeo Leoni, mchongaji wa mfalme wa Hispania. Huyu naye alipenda utaratibu. Alichukua mkasi. Michoro ya watu, farasi na mimea akaikata na kuibandika katika kitabu kimoja kwa ajili ya wapenda sanaa. Mitambo na hesabu akaziweka katika kingine, kile kiitwacho Codex Atlanticus, chenye karatasi 1,119, kilichoko Milano. Kitabu cha kwanza kiliishia kwa wafalme wa Uingereza, katika ngome ya Windsor. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kichwa fulani kilikuwa kimechorwa kando ya mtambo gani. Mwaka 1957 Carlo Pedretti, mtaalamu wa Kiitalia, alichapisha matokeo ya kulinganisha vipande vya Windsor na matundu yaliyoachwa katika kurasa za Milano, kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha meno mahali pake.

Siwezi kumlaumu Leoni kwa sauti kubwa. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mvulana wa darasa la tano, katika shule ya milimani ambako mashamba hunyweshwa kwa mifereji. Daftari lake la Hesabu lilikuwa limejaa picha za mifereji: milango ya maji, mawe, mishale ya kuonyesha maji yaendako, na katikati yake sehemu na desimali, nyingine sahihi, nyingine si sahihi. Nilimwambia anunue daftari jipya, anakili hesabu peke yake kwa unadhifu, na lile la zamani nisilione tena. Alinitii. Majuma machache baadaye nilinunua karanga njiani, zikafungwa katika ukurasa wenye mlango wa mfereji, na kando ya mlango huo palikuwa na hesabu ya desimali ambayo nilikuwa nimeitia kosa. Nilipoitazama vizuri niliona alikuwa akikokotoa maji ya shamba lao, siku zao za zamu zikigawanywa kwa nyumba tano, na jibu lilikuwa sahihi kwa swali lake, ingawa halikuwa jibu la swali langu. Nilikwenda kumwuliza kurasa nyingine. Hazikuwepo.

Daftari mbili za Leonardo zilipona mkasi kwa njia isiyotazamiwa. Zilifika Hispania pamoja na mali za Leoni, zikaingia katika maktaba ya mfalme, na baadaye zikawa katika Maktaba ya Taifa huko Madrid, ambako ziliandikwa katika orodha kwa namba zisizo zao. Waliozitafuta walipewa vitabu vingine, wakaondoka. Kupatikana kwake kulitangazwa mwaka 1967. Moja wapo, inayohusu mitambo, ni nadhifu kupita karibu kila kitu alichoandika, kila mchoro na maelezo yake kando, kana kwamba inamngoja mpiga chapa. Katika ile ya pili mna maelezo yake ya namna ya kumsubu yule farasi, na orodha ya vitabu 116 alivyokuwa navyo, aliyoipanga mwenyewe.